Fungate katika Vijiji vya Watu

Kabla Waswahili hawajaipokea saba ya Kiarabu, walikuwa na saba yao wenyewe, nayo ilikuwa fungate. Jamaa zao wa karibu bado wanaitamka: Mgiriama anayehesabu akipita sita husema fungahe, na Mkomoro husema mfukare. Katika Kiswahili hesabu ile imekufa sokoni, ikabakia chumbani. Fungate ni zile siku saba za mwanzo za ndoa ambazo, kwa mila ya mwambao, bwana arusi huingia nyumbani kwao bibi arusi na kukaa ndani pamoja na mkewe, chakula kikiletwa mlangoni na somo akipita kujua mambo yanakwendaje. Ulimwengu huachwa nje. Majirani wanajua kwamba mna maharusi ndani, na kwa kuwa wanajua, hawachungulii.

Siku hizi fungate imetoka nje. Walima ukisha, maharusi hufunga mizigo na kuondoka. Wazungu wenye uwezo huenda visiwa vya Ugiriki, wakapanda vijia vya mawe katika vijiji vilivyopakwa chokaa. Wengine huja Unguja kwa shabaha ile ile. Nao wapo vijana wa Unguja, Pemba na Mombasa wanaotaka pahala pasipo bahari, kwani bahari wanayo. Hao huelekea Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Mbeya, kwenye baridi ya mwezi wa Julai, ukungu wa asubuhi, mashamba ya chai na migomba isiyo na mwisho. Wanasema wanakwenda kuona vijiji. Swali linalozaliwa na safari hiyo ni la maadili kabla ya kuwa la utalii: watu wawili wanaopendana wana haki gani ya kukifanya kijiji cha watu wengine kuwa pambo la mapenzi yao, na kijiji hicho kinawadai nini?

Mtu wa visiwani hawezi kulijibu swali hili kwa wepesi, maana analijua kutoka upande wa pili. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayeinama wakati wa maji kupwa, akifunga mwani kwenye kamba zilizowambwa kwa vijiti, amezoea kuinua kichwa na kuwakuta watu wawili wamesimama ufukweni, wameshikana mikono, wanamtazama. Tangu kilimo cha mwani kishike mizizi Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na hoteli zikaja kusimama kwenye pwani hiyo hiyo, mwanamke huyo ameingia katika picha za fungate za watu asiowajua. Mgongo unamuuma, bei ya mwani anaijua, na watoto wake wana majina. Lakini kwenye picha yeye ni rangi ya khanga juu ya maji ya buluu. Hakuibiwa kitu. Hata hivyo anahisi kuwa kuna kitu kimechukuliwa, naye hakuulizwa. Basi siku mwanawe anapooa na kumpeleka mkewe Tukuyu, wakasimama wawili hao kando ya shamba la chai kumtazama mwanamke mwingine aliyeinama, je, ujuzi wa mama umekwenda nao, au umebaki Paje?

Neno safari limekuja na Waarabu, na wanazuoni wa kale, Al-Ghazali miongoni mwao, walipenda kulieleza kwa mzizi wenye maana ya kufunua: safari imeitwa hivyo kwa sababu inazifunua tabia za watu. Katika masimulizi ya Kiislamu husimuliwa kwamba Khalifa Umar alimwuliza mtu aliyekuwa akimsifu mwenzake: je, umewahi kuwa jirani yake? Umewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu? Umewahi kusafiri naye? Yule mtu alipojibu hapana kwa yote matatu, aliambiwa kuwa basi hamjui.

Maharusi wa fungate ya ndani hawakuhitaji kuulizana hayo, kwani ukoo ulikuwa umekwisha kuyauliza kwa niaba yao. Maharusi waliojuana chuoni au kazini wanalazimika kuyauliza wenyewe, na siku sita za safari huwapa yote matatu kwa mpigo: mwendo wenyewe, ujirani wa chumba kimoja cha wageni, na muamala katika kila soko watakalosimama. Hapo ndipo penye faida ya kweli ya kusafiri na umpendaye. Mandhari hayamfunui mtu; mbele ya mlima mzuri kila mmoja ni mpole. Anayemfunua mume mbele ya mke, na mke mbele ya mume, ni mtu wa tatu ambaye hawamjui na ambaye hawatamwona tena: mpishi wa hoteli ndogo, utingo wa basi, bibi mwenye kikapu. Namna mtu anavyosema na asiyemhitaji ndiyo namna atakavyosema na mwenzake siku mapenzi yatakapochoka.

Lakini faida hiyo ni ya wale wawili. Kijiji kinapata nini, na kinapoteza nini? Ili kuliona hili vizuri ni lazima kuifuata njia yenyewe.

Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976 na kuiunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa kilomita 1,860, hufika Mbeya lakini haipiti Iringa mjini. Kwa hiyo mwenye kutaka miji yote miwili hushika barabara: Morogoro, mbuga ya Mikumi ambamo tembo huonekana dirishani, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha kona za mlima Kitonga ambapo malori hutambaa kama konokono. Juu ya Kitonga hewa hubadilika. Iringa imekaa kwenye kimo cha mita zipatazo 1,600, na aliyetoka kisiwani na shati jepesi hulijua hilo jua likishatua.

Vitu vya kwanza anavyoonyeshwa mgeni Iringa ni mawe. Lipo jiwe la Gangilonga juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Zipo nguzo za udongo na mawe za Isimila, zilizochongwa na mvua na wakati, na karibu nazo zana za mawe za watu wa kale zilizochimbuliwa na wataalamu katika miaka ya 1950. Mbele ya vitu hivi wapendanao wana uhuru kamili. Na watazame watakavyo, wapige picha mpaka jua lizame. Jiwe halina haya. Halijui kama linatazamwa, na halibadiliki kwa kutazamwa.

Mtu ana haya, na kijiji ni watu. Kosa la wapenda mandhari huanzia hapa: kuondoka Isimila na macho yale yale na kuingia nayo kijijini, kana kwamba nyumba na nguzo ni jamii moja. Mgeni huona nyumba zimepangana kwa mstari kando ya njia, kila moja na mti wake mbele, akasema, tazama utulivu huu. Hajui kwamba mstari ule haukuchorwa na utulivu. Mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mkulima wa Tanzania Bara awe anaishi katika kijiji. Ikaja Operesheni Vijiji, na watu wengi wakahamishwa kutoka kwenye maboma ya babu zao, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Kabla ya hapo, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima huko Isimani katika mvutano juu ya mashamba na ujamaa. Wanaokaa katika mistari ile ya nyumba wanayakumbuka hayo au wamesimuliwa. Mgeni anayeona utulivu peke yake hajasema uongo. Ila amesoma jalada akadhani amesoma kitabu.

Mwendo mfupi kutoka mjini ipo Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Hapo jambo la kutazama na kuchukua linaonekana kwa ukali wake wote. Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani wakarudi mwaka 1894 wakaiteka Kalenga. Na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa, akiwa amezingirwa baada ya miaka ya kuwindwa, alijiua asishikwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu kilichoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Halikurudi mpaka mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulitafuta miongoni mwa mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen. Likakabidhiwa kwa Wahehe, kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa. Leo limo katika makumbusho madogo ya Kalenga.

Maharusi waliosimama mbele ya kioo kile wanaweza kujiambia kwamba wao na jambo hilo ni mbali kabisa. Hawana bunduki wala msumeno. Ni kweli, na haifai kulinganisha picha ya simu na kichwa cha mtu. Hata hivyo fuvu la Kalenga linafundisha kanuni moja inayofaa hata kwa mambo madogo: kitu cha watu kikiondolewa kwao ili kikatazamwe mbali nao, huacha deni, na deni haliishi kwa sababu tu aliyekichukua alikitazama kwa hamu au kwa elimu. Likadumu miaka hamsini na sita, nalo bado lilikuwa deni.

Kutoka Iringa barabara hupita Mafinga na Makambako hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya, na hapo njia ya kusini hugeukia Tukuyu, ikipita chini ya msitu unaolizunguka ziwa la Ngozi, ikimwacha mlima Rungwe, wenye kimo kinachokaribia mita 3,000, upande wa mashariki. Mvua ni nyingi, udongo ni wa volkano, na kila kitu ni kijani. Ni nchi ya Wanyakyusa, na ni rahisi kuelewa kwa nini watu wenye mapenzi mapya huipenda.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1879 Mskoti kijana, Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, alifika nchi hiyo kwa miguu, akikaribia ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Alipoona nyumba safi zilizojengwa kwa ustadi chini ya migomba, ng'ombe walionona na watu waliokaa kivulini, alikosa maneno ya kwao akaazima Ugiriki: akaiita Arcadia, nchi ya wachungaji ambayo washairi wa Ulaya wameisifu kwa karne nyingi kama makao ya raha isiyo na hatia. Hivyo kijiji cha Rungwe kikawa kijiji cha Kigiriki katika kitabu cha mgeni, na watu wake wakawa wahusika wa shairi ambalo hawakulitunga wala hawakulisikia. Thomson alikipenda alichokiona, na hakuna sababu ya kulitilia shaka pendo hilo. Alikuwa anapita tu, naye aliyapenda makuti asijue aliyeyaezeka. Mswahili naye asisahau kwamba msafara ule uliongozwa na Chuma, yule yule aliyeshiriki kuuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, na kwamba wapagazi wake waliajiriwa Unguja. Watu wa visiwani waliiona nchi ile mapema, mizigo ikiwa vichwani, na Arcadia yao hakuna aliyeiuliza.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye walikuja wapendanao wawili wa namna nyingine. Godfrey Wilson, Mwingereza, alianza utafiti wake kwa Wanyakyusa mwaka 1934. Mwaka uliofuata alimwoa Monica Hunter, binti wa wamisionari aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini, naye mtafiti wa mila za watu, na wakawa wanafanya kazi hiyo pamoja, kwa vipindi, hadi mwaka 1938. Miaka yao ya kwanza ya ndoa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, miaka ya kukaa katika vijiji vya watu. Walijifunza Kinyakyusa. Walihudhuria mazishi, wakaulizwa maswali kama walivyouliza. Godfrey alifariki mwaka 1944, wakati wa vita. Monica akabaki na daftari za wote wawili, na mwaka 1951 akatoa kitabu kiitwacho Good Company, yaani usuhuba mwema, kinachoeleza vijiji vya Wanyakyusa.

Na vijiji hivyo, kama vilivyokuwa zamani, vilikuwa jambo la kushangaza. Havikujengwa kwa ukoo bali kwa rika. Vijana wa kiume walipofikia umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao. Wakikua walioa na kuleta wake zao pale pale, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha wanaume wazima waliokuwa marafiki tangu utoto. Neno lao kuu lilikuwa ukwangala: raha ya kukaa pamoja, kula pamoja na kuongea, na kutokana na raha hiyo, wajibu wa kusaidiana. Kula peke yako ilikuwa aibu. Na mtu aliyewakosea wenziwe aliogopa manung'uniko yao, kwani iliaminiwa kwamba pumzi ya watu wenye hasira ya haki humtia mkosaji baridi na maradhi.

Yamo humo mambo mawili yanayowahusu wapendanao wanaosafiri. La kwanza ni kwamba kwa Wanyakyusa wa wakati ule mume na mke hawakuwa kisiwa. Ndoa ilijengwa ndani ya kundi la marafiki, na ubora wa mtu ulipimwa kwa namna anavyokaa na wenziwe. Mapenzi ya wawili wanaojitenga na watu ili wajitosheleze wenyewe yangeonekana kwao kama uchoyo wa kula peke yako. La pili linahusu macho. Mojawapo ya sababu za kuwatenga wazazi na watoto katika vijiji mbalimbali ilikuwa heshima baina ya mkwe na mkaza mwana: mke hakumtazama baba wa mumewe, wala hakulitaja jina lake. Mtu wa mwambao, mwenye pazia mlangoni na baraza nje ya nyumba ili mgeni asikaribishwe kwa kuaibishwa, hahitaji kueleweshwa hilo kwa kirefu. Pande zote mbili zinajua kwamba kutotazama ni namna ya kupenda. Fungate ya ndani ilisimama juu ya maarifa hayo hayo: majirani waliwapa maharusi zawadi ya kuyageuza macho. Maharusi wanaotoka nje wanatakiwa nao wairudishe zawadi ile kwa majirani wa watu wengine.

Mtu anaweza kusema kwamba Monica na Godfrey Wilson walitazama kila kitu, hata yaliyositirika, na bado wanasifiwa. Tofauti yao na Thomson ni kwamba walikaa. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 aliitumia methali hiyo kueleza kwamba katika jamii ya asili hapakuwa na mtu wa kula bila kufanya kazi. Kina Wilson walipokea jembe la aina yao: lugha, ugonjwa, misiba, na miaka. Hata hivyo deni lao halikuisha lote. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Hati zao zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town, maelfu ya kilomita kutoka Rungwe. Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyefanya kazi na Godfrey kama karani na msaidizi, hakupata heshima iliyolingana na mchango wake mpaka watafiti wa baadaye, katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013, walipoeleza jinsi wasaidizi Waafrika walivyoijenga elimu ile. Upande mwingine, vijiji vya rika vimekwisha, ardhi ilipokuwa haba na vijana walipokwenda migodini na mijini. Monica mwenyewe alilieleza badiliko hilo katika kitabu chake cha mwaka 1977. Lau wale wawili wasingalitazama na kuandika, sehemu ya kumbukumbu hiyo ingalipotea. Kwa hiyo kutazama kwao kulichukua na kulihifadhi kwa wakati mmoja, na haki ni kuyasema yote mawili.

Hapa pana pingamizi lenye nguvu. Maharusi wa Unguja wana siku sita, si miaka minne. Hawawezi kujifunza Kinyakyusa wala Kihehe. Ikiwa sharti la kuona kijiji ni kukaa miaka, basi na wabaki nyumbani, na kijiji kikose hata fedha ya chumba, ya chakula na ya kikapu cha milulu walichotaka kununua Iringa. Mwenye kufinyanga vyungu hahitaji mgeni mwenye falsafa, anahitaji mnunuzi.

Pingamizi hilo ni la kweli kwa nusu. Fedha ni heshima pale inapotolewa kwa bei ya haki, na hakuna maadili yanayomtaka mgeni asinunue. Lakini methali haikusema mgeni apewe jembe siku ya kwanza. Ilimpa siku mbili za kuwa mgeni, na kuwa mgeni ni kazi yenye adabu zake, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitimiza kwa saa moja. Mgeni huanza kwa kusalimu. Akijifunza kusema kamwene huko Iringa na ugonile huko Rungwe, amekwisha kukiri kwamba ameingia pahala penye wenyewe. Mgeni huomba ruhusa kabla ya kutazama sana, na hukubali kukataliwa bila kununa. Mgeni hula alichopewa. Na lililo kubwa kuliko yote, mgeni hukubali naye kutazamwa. Hujibu anapoulizwa ametoka wapi, wazazi wake ni nani, ameoa lini, kwao wanalima nini. Mtalii huyaona maswali hayo kuwa udadisi unaomharibia starehe. Mgeni anajua kuwa hiyo ndiyo bei, na kwamba ni bei nafuu. Kilichomkera yule mama wa Paje hakikuwa macho. Ni kwamba macho yalikwenda upande mmoja tu.

Mfano mzuri wa kupimia ni Matema, kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Barabara ya Tukuyu huteremka hadi Kyela, joto likaongezeka, na ziwa likatokea kwenye kimo cha mita 475 hivi, pana kama bahari, ila maji yake hayana chumvi. Karibu na hapo, katika kijiji cha Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono, wakivilainisha na kuvipamba kwa rangi ya udongo, na Jumamosi vyungu huletwa soko la Lyulilo, navyo husafirishwa mbali sana. Wawili waliotoka kisiwani husimama mbele ya chungu kizuri. Hapo yale masuali ya Khalifa Umar hukutana yote. Mume atapigania bei mpaka mama atoe kwa sauti ya chini, kisha acheke kwamba ameshinda? Mke atainua simu kabla ya kuinua mkono wa salamu? Au mmoja wao atachuchumaa aulize udongo hutoka wapi, na chungu hiki kwao hupikiwa nini, akaulizwa na yeye samaki wa bahari ya chumvi hupikwaje, na mama mfinyanzi acheke aliposikia kuwa hutiwa nazi?

Mazungumzo hayo hayachukui dakika kumi. Humfunulia mke jambo juu ya mumewe ambalo ziwa zima na milima yake hayawezi kumwonyesha. Na kijijini huacha kitu: habari. Jioni ile Ikombe kutakuwa na mtu wa kusema kwamba walikuja wawili wa Unguja, wameoana juzi, na kwao samaki hutiwa nazi. Picha peke yake haiachi kitu. Huondoka nzima na aliyeipiga.

Kwa hiyo fungate ya nje haifai kulaumiwa kwa kuwa imetoka nje. Mapenzi yanayokutana na watu yanaweza kukomaa kuliko yaliyofungiwa, na Wanyakyusa wa zamani, kwa ukwangala wao, wangeliafiki hilo mbele ya watu wa mwambao. Kinachotakiwa ni kwamba wawili hao wasikibebe chumba chao cha arusi hadi vijijini, wakatembea ndani yake kati ya watu, wakiona kila mtu na wasionwe na yeyote. Chungu cha Ikombe huvunjika kwa urahisi. Zaidi ya kilomita 800 za barabara hadi Dar es Salaam, na kisha boti, kitabidi kipakatwe. Kikifika salama na kikawekwa jikoni Unguja, kila mgeni atauliza kimetoka wapi. Hapo itajulikana kama wanaweza kumtaja aliyekifinyanga. Na ikiwa siku moja mama yule atavuka bahari kwa shughuli zake, akashuka Malindi na mzigo kichwani, itajulikana pia kama upo mlango mmoja mjini humo anaoweza kuubisha kwa kusema: mlikuja kwetu, nami nimekuja.